Mguu wa Kostansia na Wahudumu Watatu

Majira yote ya joto Kostansia aligombana na mguu wake wa kushoto, na mguu ndio ulioshinda. Kila akitoka kazini alishuka na kapu la nguo hadi chumba cha kufulia cha apatimenti zao huko Highview, mjini Louisville, akajaza mashine, akavua raba za kazini na kuvaa viatu vyake vya kanisani, ambavyo mumewe Liberati alikuwa amevipigia vibati vya chuma kwenye soli. Alisimama wima mbele ya mashine za kukaushia, akajiambia kimoyomoyo: kushoto. Muziki wa simu ulipoanza, ulitangulia wa kulia. Alizima, akaanza upya, akauambia tena kushoto, kwa upole kama anayembembeleza mtoto anywe dawa. Ukatangulia wa kulia.

Kisha ujumbe ukaingia kutoka Columbus. Ulikuwa wa sauti, maana Delfina, rafiki yake wa tangu kambini, hajawahi kuandika neno analoweza kulisema.

"Mama Clara, nimeiona video uliyotuma. Bado, dada yangu. Mguu wa kushoto ndio unaoanza, ule wa upande wa moyo. Mimi nakupenda unajua, lakini hatuendi jukwaani kuchekwa. Ikifika wiki ya mkutano hujanyooka, itabidi Belinda asimame nafasi yako. Wewe tutakuwekea kiti cha mbele kabisa, utupigie makofi."

Belinda ni binti wa Delfina, ana miaka kumi na sita, na ngoma ile ya kugonga viatu amejifunza darasani, kwa mwalimu wa kulipwa, mbele ya kioo cha ukuta mzima. Kostansia alikuwa hana ubaya na mtoto yule. Lakini alipofikiria kukaa kwenye kiti cha mbele akipiga makofi, aliipiga mashine ya kufulia teke kwa mguu uleule wa kulia.

Ni vizuri kueleza kwa nini teke lilikuwa kali hivyo. Kila mwezi wa nane, Warundi waliokulia kwenye kambi yao ya wakimbizi kule Kigoma hukutana Columbus, katika ukumbi wa kanisa moja la Reynoldsburg. Wanatoka Louisville, wanatoka Buffalo, wengine mbali zaidi. Wanasali, wanakula, wazee wanabishana nani alikaa kijiji gani cha kambi, na watoto wanakimbizana wakipiga kelele kwa Kiingereza. Mwaka huu Delfina, ambaye ndiye mwenyekiti na hajawahi kuwa kitu kingine tangu azaliwe, alitangaza kwamba sherehe itafunguliwa na Wahudumu Watatu, na watakaocheza ni walewale watatu waliocheza kambini: yeye mwenyewe, Kampire wa Buffalo, na Kostansia wa Louisville.

Siku aliyosikia habari hiyo Kostansia alikaa kwenye ukingo wa bafu akacheka peke yake mpaka Liberati akagonga mlango kuuliza kuna nini. Tangu aingie Amerika amekuwa mpangaji, amekuwa mgonjwa mwenye miadi, amekuwa mama wa mwanafunzi anayeitwa shuleni, na kwa miaka mingi amekuwa mikono miwili ya kufunga maboksi ghalani. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumwomba afanye kitu anachokiweza vizuri. Na hiki alikiweza. Kambini, katika wale watatu, yeye ndiye aliyekuwa fundi. Hata Delfina alilikiri hilo mara moja, ingawa alikuwa na homa.

Ngoma yenyewe haikuwa yao. Kambini, shirika moja lilikuwa na gari la sinema. Walikuja kiwanjani, wakatundika shuka kubwa jeupe kati ya nguzo mbili, jua likizama wakawasha mashine. Filamu iliyokusudiwa ilikuwa ya malaria au ya kunawa mikono. Lakini nani atoke kwake kwenda kutazama watu wananawa mikono? Kwa hiyo walitanguliza chambo: vile vifilamu vifupi vya zamani vya Hollywood, vya dakika chache tu, vyeusi na vyeupe, vya watu wakicheza. Havikuwa na hadithi wala funzo. Wanaume wenye makoti yenye mkia walishuka ngazi bila kuzitazama, wanawake wakazunguka mpaka magauni yakafunguka kama mwavuli, na wote walitabasamu kama watu ambao hawajawahi kupanga foleni ya maji. Mtu wa kambi aliyeitwa Dionizi alishika kipaza sauti akawaeleza watu kinachoendelea, ingawa Kiingereza chake kilikuwa cha kusalimia tu. "Huyu amekasirishwa na bosi," alisema Dionizi, "sasa anamjibu kwa miguu."

Kilichopendwa kuliko vyote ni cha wahudumu watatu wa hoteli, na hivyo ndivyo watu walivyokiita. Wamevaa vikoti vyeupe, wamebeba sinia za vikombe. Bosi anawafokea, wanainamisha vichwa. Bosi akitoka tu, mmoja anagonga mguu chini, wa pili anamjibu, wa tatu anawajibu wote, na hapo ndipo wanapocheza juu ya meza, juu ya kaunta, mpaka mlangoni, bila kumwaga tone la chai. Wasichana watatu wa kambi walikitazama kila kiliporudi. Wakapigilia vizibo vya soda kwenye soli za katambuga zao, wakaiba mifuniko ya masufuria ya mama zao iwe sinia. Walicheza kwenye harusi, walicheza siku za wageni wakubwa, walicheza hata kwenye mgao wa chakula, na watu waliochoka kusubiri mahindi wakasahau kidogo kwamba wanasubiri. Kambini hakuna aliyeuliza mguu gani umeanza. Vumbi lilifika magotini, na vizibo vilipiga kelele ya kutosha kufunika dhambi zote.

Halafu safari za Amerika zikaja, zikawatawanya. Delfina alipelekwa Columbus, Kampire akapelekwa Kenmore, juu kidogo ya Buffalo, kwenye theluji ambayo mpaka leo anaiongelea kama jirani mkorofi. Kostansia na Liberati wakatua Louisville. Clara alizaliwa, kazi ikaanza, viatu vya vizibo vilibaki kule vilikobaki.

Sasa mazoezi yalikuwa ya simu. Mtu yeyote anayefikiri kwamba watu watatu wanaweza kugonga viatu kwa pamoja kutoka miji mitatu kwa video, ajaribu. Kostansia aligonga Louisville, mlio wake ukafika Columbus umechelewa, na wa Kampire ukafika kutoka Buffalo baada ya Kampire mwenyewe kusimama. Delfina alipiga kelele "pamoja, pamoja," na hata hiyo "pamoja" ilichelewa. Mara picha ya Kampire iliganda, mguu mmoja juu, mdomo wazi, nao wakamngoja kwa heshima mpaka akarudi. Juu ya chumba cha kufulia aliishi mzee mmoja mwenye ufagio, na ufagio huo aliupiga sakafuni kwake kila Kostansia alipoanza kupata joto. Kati ya ufagio wa mzee na mtandao wa simu, ilikuwa kama kucheza na watu wanne, wote viziwi.

Juu ya hayo, ghalani kukaja ovataimu ya lazima. Supavaiza alisimama juu ya kiboksi akatangaza kwa furaha, kana kwamba anagawa zawadi, kwamba Jumamosi zote mpaka mwisho wa mwezi wa nane ni za kazi. Jumamosi ya Reynoldsburg ilikuwa humohumo. Kostansia alimfuata akamweleza. Supavaiza alimsikiliza vizuri sana, akamwambia anamwelewa kabisa, na jibu lilikuwa hapana. Hicho ndicho kilichomuudhi Kostansia kuhusu nchi hii kuliko baridi: mtu anakuelewa kabisa, na jibu ni hapana.

Aliyemwokoa ni Jean Bosco, Mkongomani wa meza ya jirani, ambaye alikuwa ameshapewa mapumziko ya Jumamosi ile kabla ya tangazo. "Bon, mama," alisema bila kuinua macho kwenye boksi lake, "mimi nitatumika pa fasi yako. Donc wewe enda cheza." Kostansia alimshukuru kwa kumshikia zamu mpaka akaona haya. Basi siku alikuwa nayo. Viatu alikuwa navyo. Kilichokosekana ni mguu tu.

Clara ndiye aliyekipata kile kifilamu. Ana miaka kumi na minne, na mama yake akimsemesha kwa Kiswahili yeye hujibu kwa Kiingereza, kila mmoja akibaki upande wake wa mto. Siku moja alichoka kumwona mama yake akiuchapa mguu wake kofi mezani. Akauliza, kwa Kiingereza, kwa nini wanabishana wakati kila kitu kilichowahi kupigwa picha duniani kipo kwenye simu. Alitafuta: wahudumu, sinia, hoteli, kucheza, zamani. Alitafuta wakati wa chakula na baada ya chakula. Kisha akaiweka simu mbele ya sahani ya mama yake.

Walikuwa wao. Vikoti vilevile, sinia zilezile, bosi yuleyule mwenye masharubu. Kostansia aliziba mdomo kwa mkono. Hakuwa amewaona watu wale tangu akiwa msichana, na mara moja alisikia harufu ya moshi wa kuni na sauti ya Dionizi. Bosi akatoka. Mhudumu wa katikati akagonga mguu. Ulikuwa upande wa kushoto.

"Rudisha," Kostansia alisema.

Clara akarudisha. Kushoto. Akarudisha tena. Kushoto, kweupe, hakuna wa kubishana naye. Kostansia alisogeza sahani. Maisha yote alijiona fundi, kumbe ndiye aliyekuwa akiharibu, na wenzake walimvumilia tu. Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Delfina alikuwa sahihi," alisema. "Mwambie Belinda achukue."

Clara alimtazama mama yake kama anavyotazama hesabu iliyokosewa mstari wa kwanza. Alimvuta mkono akamsimamisha, akamgeuza mgongo kwenye simu, uso wake ukaelekea walikoelekea wale wahudumu. Akasema, kwa Kiingereza, kwamba sasa yeye ndiye mhudumu, yuko ndani ya simu, na ule mguu ni huu. Akainama, akampiga kidogo kwenye goti. Goti la kulia.

Kostansia alibaki amesimama hivyo jikoni. Yule mhudumu alikuwa anaanza na mguu wa kulia. Anayemtazama kutoka mbele anauona mguu upande wake wa kushoto, na akimwiga kama anayejitazama kwenye kioo, ataanza na kushoto. Hivyo ndivyo walivyofanya Delfina na Kampire, waliokuwa na mama wenye huruma, wakawahi nafasi za mbele. Yeye hakuwahi hata siku moja. Alioshishwa vyombo kwanza, akafika kiwanja kimejaa, akafukuzwa huku na huku mpaka akaenda kukaa na wachelewaji wenzake upande wa pili wa shuka. Nyuma ya shuka picha ilionekana vizuri tu, ila imegeuka. Hata maandishi yalisomeka kinyume. Kwa hiyo mguu alioutazama ulikuwa upande wake wa kulia. Aliuiga kama kioo, naye pia akakosea kama wenzake, na makosa mawili, la shuka na lake, yakamfikisha palepale. Miaka yote hiyo, aliyecheza kama wahudumu wenyewe ni yeye peke yake.

Hakumaliza kula. Alimpigia Delfina, akamwita na Kampire kwenye simu, akawatumia kifilamu, akaeleza habari ya mbele na nyuma ya shuka, akaeleza tena. Alisimama, akageuka, akawaonyesha mgongo, Clara akishika simu. Kwa mara ya kwanza majira yale mtandao haukukatika.

Delfina alikitazama kifilamu mara mbili bila kumkatiza mtu, jambo ambalo lenyewe lilikuwa la kuandikwa kwenye kalenda. Kisha akasema, "Haya. Umeshinda, Kosta. Ulikuwa sahihi wewe."

Kostansia alipumua.

"Sasa anza na kushoto," alisema Delfina.

"Nianze na kushoto kwa nini? Si umeona?"

"Nimeona. Lakini sisi tuko wawili na wewe uko mmoja. Mkutano ni wiki ijayo. Tugeuke mimi na Kampire, au ugeuke wewe? Wengi wape, Mama Clara."

"Kampire, sema na wewe."

Kampire alikohoa. Ni mtu mpole, na upole wake haujawahi kumsaidia mtu. "Dada, mimi goti langu linajua upande mmoja tu. Mkielewana nyinyi, mniambie."

Kostansia aliweka simu chini. Kama Delfina angebisha, angalau wangegombana vizuri. Angemwambia yote, hata ya kambini. Lakini utamfanya nini mtu aliyekupa haki yako mkononi, halafu akakuomba uiweke mfukoni uendelee na kazi? Alimlalamikia Liberati, na Liberati, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha nyama na hana nguvu ya kubishana baada ya saa za kazi, alimwambia, "Mama Clara, mguu ni mguu. Wakubalie, ucheze." Usiku ule alilala ameelekea ukutani.

Lakini alikubali. Hilo lazima lisemwe kwa haki, kwa sababu baadaye watu walisema mengine. Alitaka kucheza kuliko alivyotaka kuwa sahihi. Wiki nzima alianza na kushoto: kwenye meza ya maboksi, kwenye foleni ya duka, kwenye ngazi za apatimenti. Alifunga utepe mwekundu kwenye kifundo cha mguu wa kushoto ili akili isipotee. Kufikia Ijumaa alituma video, na Delfina akajibu kwa sauti ndefu ya furaha, na Belinda akapewa kazi ya kupiga picha.

Jumamosi waliondoka alfajiri, wakapita Cincinnati wakila mayai ya kuchemsha ndani ya gari, wakaingia Reynoldsburg ukumbi umeshaanza kujaa. Kampire alikuwa amefika, mrefu vilevile, mvi mbili tatu. Walikumbatiana wote watatu, na kwa muda Kostansia alisahau kwamba amekasirika. Delfina alikuwa ameshona vikoti vyeupe vya kila mmoja, tena vya kipimo kizuri, na amenunua sinia za bati. Akawapanga. "Kosta, wewe katikati," alisema. "Mimi huku, Kampire kule. Ukisahau, utatuona pande zote mbili." Alisema kwa wema. Kostansia aliupokea kama ulivyotolewa.

Mzee Pantaleo, mkubwa wao wote wa kambini, aliomba dua ndefu. Kisha taa za mbele zikawashwa, muziki ukaanza, na watu waliomjua tangu akiwa hana meno ya mbele wakanyanyua shingo. Kostansia alijiambia kushoto. Aliuona utepe mwekundu. Alitaka kwa moyo wake wote.

Ulitoka wa kulia.

Uligongana na wa Delfina, sinia zikalia kama kengele, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Kostansia aliruka kubadilisha, akajikuta miguu yote miwili hewani kwa wakati mmoja, akatua vibaya, akamsukuma Kampire kwa kiuno. Watu wakacheka zaidi. Delfina alimnong'oneza bila kuacha kutabasamu, "Kushoto, kushoto." Na hapo, katikati ya kelele ile, Kostansia alichoka. Alichoka na kushoto, alichoka na supavaiza na mzee wa ufagio, alichoka na kila mtu kumwelewa. Mzunguko wa pili ulipofika, alitanguliza wa kulia kwa makusudi, kwa nguvu zake zote. Akacheza wahudumu watatu kama walivyocheza wenyewe, hatua kwa hatua, sinia juu, kidevu juu, uso umekunjwa kwa hasira, na kila alipokwenda wenzake walikwenda kinyume. Alicheza vizuri kuliko alivyowahi kucheza maisha yake yote. Yeye alilijua hilo.

Watu walilia machozi. Walipiga meza. Mama mmoja alitoka nje kwa kushikwa na kikohozi. Waliona mwanamke wa katikati anakosea kila hatua na hajali, tena ananuna kama bosi mwenyewe, na hawakuwahi kuona kitu cha kuchekesha kama kile tangu waingie Amerika. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Kadiri alivyokasirika ndivyo walivyofurahi, na ngoma ilipoisha walisimama wote, na jina walilolitaja ni lake.

Delfina alimkumbatia mpaka sinia ikambana mbavuni. "Kumbe ulikuwa unatuficha! Ulipanga!"

"Sikupanga. Mimi nimecheza sawasawa, Delfina. Nyinyi ndio—"

"Mwaka kesho hivyohivyo," alisema Delfina, akipangusa macho. "Katikati, na hiyo sura yako. Nafasi yako haiguswi na mtu, nakuapia." Akaenda kuangalia pilau.

Mzee Pantaleo alikuja na mkongojo wake, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Binti yangu," alisema, "tangu nimzike mke wangu sijacheka. Mungu akubariki kwa hiyo miguu yako mibovu." Kostansia aliinama, akaipokea baraka.

Nafasi aliyoihangaikia majira yote alikuwa nayo sasa, tena ya kudumu. Alikaa mezani na viatu vyake vya bati chini ya kiti, watu wakipita wakimgusa bega, kila mmoja akianza kucheka kabla hajafika. Alitabasamu kwa kila mmoja. Mashavu yalimuuma. Clara alikuja na sahani mbili, akakaa karibu, akasema kwa Kiingereza, kwa hasira, kwamba wote walikosea isipokuwa yeye, na kwamba amejaribu kuwaambia binamu zake, hakuna aliyesikia.

"Najua," Kostansia alisema. "Kula."

Hawajamaliza, Belinda akatokea mbele yao na viatu vyake vya darasani mkononi, vinang'aa. Alisimama kwa adabu, akamsalimia Kostansia kwa Kiswahili alichojitahidi nacho. Kisha akasema, "Anti, naomba unifundishe ile ya kukosea. Mama anasema mwaka kesho na mimi niingie, tuwe wanne."

Hakukuwa na dhihaka usoni mwake. Kama ingekuwepo, ingekuwa rahisi zaidi. Kostansia alimtazama, akamtazama na Clara, ambaye alikuwa ameacha kutafuna. Kisha akainama, akavaa viatu vyake, akavifunga kamba taratibu. Alisimama. Belinda alikuwa tayari amejipanga uso kwa uso naye, kama alivyozoea kufanya na mwalimu wake.

"Usisimame mbele yangu," Kostansia alimwambia. "Njoo hapa ubavuni, tuelekee upande mmoja."

Belinda akaja.

"Tunaanza na wa kulia," alisema Kostansia. "Na usicheke."